Risiva ya Sinema ya Nyumbani: Chumba Kwanza, Wati Baadaye

Mtu anayeingia duka la vyombo vya muziki Kariakoo au Luthuli Avenue kutafuta mashine ya sinema ya nyumbani hukutana na maswali mawili: anataka wati ngapi, na ana shilingi ngapi. Yote mawili yanahusu mashine. Hakuna anayemuuliza sebule yake ina upana gani na imejengwa kwa vitu gani, spika alizonazo ni za aina gani, wala umeme wa mtaani kwake unakuwaje jioni. Risiva ninayoizungumzia hapa si ile ya dishi. Ni lile sanduku pana na zito linalokaa chini ya runinga, linalopokea sauti kutoka king'amuzi, kompyuta au intaneti, likaichambua na kuigawa kwa spika tano, saba au zaidi, kisha likazipa spika hizo nguvu ya kuivumisha. Hoja yangu ni kwamba risiva inapaswa kuwa kitu cha mwisho kuchaguliwa, baada ya chumba, spika na umeme kujulikana. Anayeanza nayo huishia kulipia namba kubwa za kwenye boksi ambazo masikio yake hayatazipata.

Tuanze na wati, kwa kuwa ndizo zinazouza. Sabufa nyingi zinazouzwa mijini kwetu huandikwa PMPO ya maelfu ya wati, hata 10,000. PMPO haina kipimo kinachokubalika kimataifa, hivyo kila kiwanda hujiandikia namba kinayoitaka. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha tatizo. Plagi ya pini tatu tunayotumia Tanzania, Kenya na Uganda ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Ukizidisha kwa volti 230 unapata takriban wati 3,000, nao ndio mwisho wa kile kinachoweza kupita pale kwa mfululizo. Chombo kisichoweza kupata zaidi ya hizo ukutani hakiwezi kuzigeuza kuwa 10,000 kwenye spika. Udanganyifu wa namna hii si wa kwetu peke yetu wala haukuanza jana. Mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ililazimika kuweka kanuni ya jinsi watengenezaji wa amplifaya wanavyotakiwa kutangaza nguvu zake, kwa kuwa matangazo ya enzi hizo yalikuwa yamepita mipaka. Nusu karne baadaye, mwaka 2024, tume hiyo hiyo ilirudi kuikaza kanuni ile.

Risiva za kampuni zinazoheshimika haziongopi kiasi hicho, ila namba zake zinahitaji kusomwa kwa makini. Chukua Yamaha RX-V385, risiva ya bei ya chini yenye chaneli tano na tundu la sabufa. Karatasi yake ya vipimo inatoa namba tatu za nguvu kwa mashine ile ile. Wati 135 ni pale chaneli moja tu inapofanya kazi, kwa mlio mmoja wa hezi 1,000, sauti ikiwa imevurugika kwa asilimia 10. Wati 100 ni chaneli moja tena na mlio ule ule, uvurugikaji ukiwa asilimia 0.9. Wati 70 ni chaneli mbili kwa pamoja, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, yaani upana wote wa usikivu wa binadamu, na uvurugikaji wa asilimia 0.09. Zote zimepimwa kwa spika za omu 6, omu zikiwa kipimo cha ukinzani wa spika. Kampuni haijaficha kitu. Lakini muuzaji mmoja atakutajia 135, na wa duka la pili atakutajia wati 80 za mashine iliyopimwa kwa masharti magumu zaidi, nawe utaondoka ukiamini ya kwanza ndiyo yenye nguvu. Tena hakuna hata moja kati ya namba hizo tatu inayosema kila chaneli itapata kiasi gani zote tano zikidai nguvu kwa wakati mmoja, na zote zinategemea transfoma moja. Namba ya kuuliza ni ile ya chaneli mbili, kwa upana wote wa sauti, na omu zikiwa zile zile kwa mashine zote unazolinganisha. Nyingine ni za matangazo.

Hata namba ya kweli ikipatikana, maana yake ni ndogo kuliko tunavyodhani. Sauti haikui sambamba na wati. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini isiyoshtua. Ili sikio lisikie sauti imekuwa kubwa maradufu, wati zinapaswa kuongezeka takriban mara kumi. Kati ya risiva ya wati 80 na ya wati 100, tofauti haifiki hata desibeli moja. Weka kando ya hilo tofauti za spika. Spika hupimwa kwa kuangalia inatoa sauti ya desibeli ngapi ikipewa wati 1 na kusikilizwa umbali wa mita 1, na namba hiyo huandikwa kwenye karatasi yake. Spika ya desibeli 91 ikipewa wati 50 inatoa sauti sawa na spika ya desibeli 85 iliyopewa wati 200. Yaani kuchagua spika kwa makini kunakupa kile ambacho risiva ya bei mara tatu pengine isingekupa. Yapo pia majaribio ya wazi. Mwaka 1987 jarida la Marekani liitwalo Stereo Review liliwaita wasikilizaji, wakiwemo waliokuwa na hakika kwamba masikio yao hayadanganyiki, wakalinganishe amplifaya za bei ya kuanzia takriban dola 220 hadi dola 12,000 bila kujua ipi inalia. Matokeo hayakuwa tofauti na ya mtu anayebahatisha. Amplifaya zilizotengenezwa vizuri, zisiposukumwa kupita uwezo wake, ni vigumu mno kuzitofautisha kwa sikio. Spika hutofautiana mara moja, hata kwa mtoto.

Mtetezi wa wati atajibu kwamba nguvu ya ziada ni akiba, na hapo ana sehemu ya haki. Filamu si kama muziki wa baa unaolia kwa kiwango kimoja usiku kucha. Kwa viwango vya majumba ya sinema, sauti ya kawaida hupangwa kuzunguka desibeli 85, na mlipuko huruhusiwa kufika desibeli 105 kwa kila chaneli kuu. Hizo desibeli 20 za kupanda ghafla zinahitaji nguvu mara 100, japo kwa muda mfupi sana. Risiva dhaifu ikifika hapo hukata vichwa vya mawimbi na sauti hukwaruza, na spika ndogo za sauti nyembamba zinaweza kuungua. Ila mambo mawili hupunguza uzito wa hoja hii. Kwanza, wachache husikiliza kwa kiwango cha jumba la sinema ndani ya sebule yenye jirani ukutani. Pili, kinachokula nguvu nyingi ni besi, na sabufa ya kweli ya sinema ya nyumbani ina amplifaya yake ndani. Ukiiagiza risiva ipeleke kila kitu kilicho chini ya hezi 80 kwenye sabufa, ambao ndio mpaka uliopendekezwa tangu zamani na THX, kampuni ya viwango vya sauti ya sinema, spika nyingine hubaki na kazi nyepesi na risiva ya wati 70 za kweli hupumua. Anayehitaji risiva kubwa kwa haki ni mwenye ukumbi mpana, spika za omu 4, au spika zenye kipimo cha desibeli 85 na kushuka. Huyo namshauri anunue nzito. Kilo zake ni za transfoma na vipoza joto, vitu ambavyo ni vigumu kuvighushi.

Sasa chumba, ambacho ndicho chenye usemi mkubwa kuliko vyote na ndicho kisichotajwa dukani. Sebule ya mjini kwetu kwa kawaida ina kuta za matofali ya saruji zilizopigwa plasta, sakafu ya marumaru, dari ya jipsamu, madirisha mapana ya vioo, na siku hizi runinga kubwa ukutani. Kila kimoja kati ya hivyo hurudisha sauti. Piga kofi moja katikati ya chumba kama hicho kabla ya kuingiza makochi, utasikia mlio ukibaki hewani. Mlio huo huo utabaki nyuma ya kila silabi ya mwigizaji, na ndiyo sababu watu hulalamika kwamba mazungumzo ya filamu hayasikiki ilhali milipuko inatikisa vyombo. Wakiongeza sauti, mwangwi nao unaongezeka. Kwenye besi kuna jambo jingine. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo kati ya kuta mbili za saruji zilizoachana mita 4, mlio wa hezi 43 hivi hugonga na kurudi ukijiongeza wenyewe. Karibu na ukuta besi hiyo itavuma kupita kiasi, na katikati ya chumba inaweza kupotea kabisa. Mtu mmoja kwenye kochi atasema sabufa ni kali mno, mwenzake wa kochi la pili atasema haifanyi kazi, na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Floyd Toole, mwanasayansi aliyefanya utafiti wa spika katika Baraza la Taifa la Utafiti la Canada na baadaye katika kampuni ya Harman, alitumia miongo kadhaa kuwaketisha wasikilizaji mbele ya spika wasizoziona. Somo kuu la kazi yake linatufaa hapa. Chini ya hezi 200 au 300 hivi, chumba ndicho kinachotawala unachosikia. Juu ya hapo spika yenyewe inashika usukani. Risiva yenye akili inaweza kusaidia sana katika eneo lile la chini, na hiki ndicho kipengele ninachokiona kinastahili fedha kuliko wati na chaneli: programu ya kupima chumba. Audyssey, iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Southern California na kuwa kampuni mwaka 2002, imo katika risiva za Denon na Marantz. Yamaha wana YPAO yao. Dirac Live, ya Uppsala nchini Sweden, imo katika baadhi ya mifano ya bei ya juu. Zote hufanya kazi kwa namna inayofanana. Unachomeka maikrofoni ndogo, unaiweka usawa wa sikio pale unapokaa, kila spika inatoa mlio, na mashine inahesabu umbali, ukubwa wa sauti na makosa ya chumba, kisha inajirekebisha. Zima feni na friji wakati wa kupima, funga madirisha, na uweke maikrofoni juu ya stendi badala ya kuilaza kwenye mto wa kochi. Pima sehemu kadhaa, usipime kiti cha baba mwenye nyumba peke yake. Madaraja ya chini ya programu hizi hurekebisha sabufa kwa uhafifu au hayaigusi kabisa, kwa hiyo uliza daraja lake, jina peke yake halitoshi.

Programu hizo zina mwisho wake, na wauzaji wa risiva ghali hawapendi kuutaja. Zinaweza kupunguza besi inayovuma. Haziwezi kuujaza mlio ambao chumba kimeufuta, wala haziwezi kuuondoa mwangwi wa marumaru. Mwangwi unaondolewa kwa vitu laini: zulia nene kati ya spika na kochi, mapazia mazito yenye mikunjo, makochi ya kitambaa, kabati la vitabu nyuma ya wasikilizaji. Zulia na pazia zuri vinaweza kugharimu sehemu ndogo tu ya tofauti ya bei kati ya risiva ya kati na ya juu, na mabadiliko yake kwenye mazungumzo yatasikika zaidi. Spika ya katikati nayo isifichwe ndani ya kabati la runinga. Katika filamu nyingi karibu mazungumzo yote hupita pale. Hata muvi za kutafsiriwa, ambazo sauti ya msimulizi imechanganywa katika chaneli mbili tu, risiva ikiwekwa kwenye hali ya Dolby Surround huvuta sauti hiyo na kuileta katikati, na unaweza kuipandisha desibeli 2 au 3 bila kugusa nyingine.

Kuhusu idadi ya chaneli nitapita haraka. Dolby Atmos ilianza katika majumba ya sinema mwaka 2012 na kuingia majumbani 2014, na tangu hapo boksi la risiva lisilo na neno hilo huonekana la kizamani. Atmos inahitaji spika za juu. Ama utoboe dari uzifunge humo, ama uweke zile zinazorusha sauti juu ili idunde kwenye dari iliyo bapa na ngumu. Mpangaji ambaye mwenye nyumba hamruhusu kupiga hata msumari atabaki na hizi za kudundisha, na mwenye dari ya mteremko au paa la bati lisilo na dari hatafaidi nazo lolote. Netflix nayo hutoa Atmos kwa wenye kifurushi cha juu kabisa, na video nyingi za YouTube ni za chaneli mbili. Spika tano nzuri na sabufa moja zitashinda spika tisa za ovyo kila siku ya wiki. Wanaosema chaneli nyingi ni maandalizi ya kesho wanasahau kwamba kesho hiyo huja na risiva mpya.

Upande wa picha ndio unaozeeka upesi kuliko wote. Mwaka 2020 risiva mpya kadhaa za Denon, Marantz na Yamaha zilizouzwa kwa sifa ya HDMI 2.1 zilishindwa kupitisha picha ya 4K yenye fremu 120 kutoka kwenye Xbox Series X, kwa sababu ya kasoro ya chipu iliyotumiwa na kampuni zote tatu. Waliokuwa wamechomeka mashine ya gemu moja kwa moja kwenye runinga hawakuguswa. Hilo ndilo pendekezo langu kwa wengi: vyombo vyote viingie kwenye runinga, na sauti irudi kwenye risiva kwa waya mmoja wa HDMI kupitia tundu la ARC, lililoanza 2009, au bora zaidi eARC, lililokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017. ARC inatosha kwa filamu za intaneti. eARC inahitajika ukiwa na diski za Blu-ray na unataka sauti isiyobanwa.

Kuna wanaouliza kwa nini mtu ahangaike na yote haya wakati saundiba moja inawekwa chini ya runinga na kazi inaisha. Ni swali la haki. Kwa chumba kidogo cha kulala, au kwa anayetazama taarifa ya habari na mpira basi, saundiba nzuri inatosha na sioni aibu kuisifu. Lakini saundiba hununuliwa nzima na hufa nzima. Spika nzuri huweza kudumu miaka 20 au zaidi, na risiva ikiharibika unabadilisha hiyo tu. Umbali kati ya spika ya kushoto na ya kulia ndio unaojenga picha ya sauti, na sanduku la mita moja halina umbali huo. Mwenye fedha kidogo anaweza kuanza na risiva na spika mbili bora, akaongeza ya katikati mwaka unaofuata, na sabufa baada ya hapo. Saundiba nyingi hazikupi nafasi hiyo.

Limebaki suala la umeme, ambalo kwetu limeua risiva nyingi. Tanzania hutumia volti 230, Kenya 240, Marekani 120 na Japani 100. Risiva iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani, au ya mtumba kutoka Japani, ikichomekwa ukutani moja kwa moja huungua papo hapo. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo uliozidi mahitaji yake, na gharama hiyo ihesabiwe kabla ya kufurahia bei ya mtumba. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Mtumba wa Uingereza au Dubai hauna tatizo hilo. Pia uulize mwaka wa kutengenezwa. Baadhi ya mifano ya Onkyo iliyotoka kuanzia 2009 ilijulikana kwa kupoteza sauti kutokana na kasoro za bodi ya ndani, hadi kampuni ikarefusha muda wa kuitengeneza bure, na muda huo umekwisha. Hata risiva mpya ipitie kwenye kifaa kinachokata umeme ukipanda au kushuka na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha, kwa kuwa madhara mengi hutokea pale umeme uliokatika unaporudi kwa kishindo. Na iachiwe nafasi ya kupumua juu yake. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam, risiva iliyofungiwa kabatini au kufunikwa kitambaa inajifupishia maisha.

Kwa sebule ya kawaida, basi, uamuzi wangu ni huu. Toa sehemu kubwa ya fedha, nusu au zaidi, kwa spika na sabufa. Tenga kidogo kwa zulia, mapazia na kinga ya umeme. Kinachobaki kinunue risiva ya chaneli tano au saba yenye wati 70 hadi 100 zilizopimwa kwa chaneli mbili, programu ya kupima chumba inayogusa na sabufa, eARC, na fundi anayejulikana mjini kwako. Kabla ya kwenda dukani, chukua futi kamba upime sebule, uandike umbali wa kochi na omu za spika zako, na uende na karatasi hiyo mkononi. Muuzaji akikutajia PMPO, mwombe karatasi ya vipimo. Asipokuwa nayo, nenda duka linalofuata.